Nishani Iliyokwenda kwa Zamu

Mimi ni fundi cherehani, na mtu namjua kwa mabega kabla sijamjua kwa jina. Mabega ya Mchorongaji hayakulingana. La kulia lilikuwa chini ya la kushoto kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu ya miaka aliyovuta wenzo wa breki kwenye mashine ya kuchoronga miamba, na kila shati nililomshonea ilinibidi nilidanganye upande mmoja ili limkae sawa. Sasa, alizaliwa wapi, ukoo wake upi, alikuwa na ng'ombe wangapi, msiniulize. Hapa Geita tulimwita Mchorongaji kwa kazi yake, akaitika, na hata alipoacha kazi jina halikumwacha.

Alikuja barazani kwangu karibu kila Jumamosi, awe na nguo ya kushona au asiwe nayo. Benchi la wateja hakulikalia. Alikuja na kiti chake, sanduku la mbao lenye mifereji ambalo zamani waliwekea mawe yaliyotolewa chini ya ardhi, yale mawe marefu ya mviringo mfano wa mihogo iliyomenywa. Sanduku aliliacha kwangu moja kwa moja, na ole wake mteja aliyethubutu kulikalia. Mzee angesimama mbele yake, amwamkie vizuri, amuulize habari za nyumbani na za mifugo, kisha aendelee kusimama hadi mwenzake aone haya.

Na alikuwa mchoyo, jamani. Nampenda mpaka leo, lakini kweli isemwe. Sukari ilipoadimika madukani, sote tulijua anayo, na yeye alijua tunajua. Alikunywa chai kwangu, vijiko vitatu, akashukuru, "Wabeja, Mama Zuhura," kisha akaenda nyumbani kulala karibu na sukari yake. Siku moja nikamwambia, "Mzee, wewe mchoyo."

"Si uchoyo. Naweka akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya kesho nisije nikaishiwa uchoyo."

Kwenye bao kete zilihama zenyewe akicheza. Kirusi aliokota maneno kama kumi kwa Warusi aliofanya nao kazi, nayo yote aliyamalizia kwa ng'ombe. Akiwaswaga utamsikia, "Davai, davai!" Wakisimama vizuri zizini anawaambia, "Harasho." Mimi ni wa Tabora, na sisi Wanyamwezi na Wasukuma tunataniana, basi nilikuwa nikimuuliza kama ng'ombe wake nao wanataka mkalimani. Alinijibu kwamba ng'ombe wake wamesoma kuliko watu wa Tabora.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa na kitu kimoja cha thamani maishani mwake, na kitu hicho hakukubali kilale nyumbani kwake zaidi ya mwezi mmoja.

Nilikiona mara ya kwanza kwenye leso. Aliifungua taratibu juu ya meza yangu ya kukatia, akaniambia, "Hii ni nishani ya Warusi. Ya ushujaa wa kazi." Nikaitazama kifundi. Ilikuwa ya fedha, duara, imezidi kidogo kifuniko cha chupa ya soda. Juu ilikuwa na nyota nyekundu, rangi yake imechomwa ikang'aa kama ile ya mabakuli ya chuma, na ndani ya nyota nyundo na mundu. Chini ya nyota maandishi mekundu yaliyozama, na chini kabisa herufi za nchi yao zimeinuka ukizipapasa. Nyuma waliandika kwamba kazi kwao ni jambo la heshima. Ilining'inia kwenye kibati cha pembe tano kilichovishwa utepe wa zambarau iliyopauka, na kila ukingo wa utepe una mstari mwembamba mwekundu. Utepe huo ulinipendeza kuliko fedha. Ulifumwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi.

Mkalimani wa Warusi ndiye aliyemsimulia habari za nishani, naye alitusimulia sisi, nasi tulizijua kama watoto wanavyojua hadithi ya sungura. Ilianzishwa kabla ya ile vita kuu ya pili. Mwanzoni ilining'inia kwenye kibati cha pembetatu chenye utepe mwekundu, kisha vita ikiwa bado inaendelea wakabadilisha, pembetatu ikawa pembe tano na utepe ukawa wa zambarau. Ina kaka yake mkubwa mwenye bendera, na ina mdogo wake anayepewa mtu kwa kazi nzuri ya kawaida. Huyo mdogo naye ana utepe wa zambarau, ila kingo zake ni za njano.

"Kwa hiyo nyekundu ni shujaa na njano ni mwenzangu na mimi," nilimwambia.

"Gete," akasema. Kweli kabisa.

Nilimuuliza kwa nini Warusi waweke mundu na chama chetu kiweke jembe. Akafikiri. "Wenzetu wanavuna. Sisi bado tunalima."

Nishani aliipata kwa shimo moja upande wa Rwamgasa. Wakati huo, miaka ya sabini, wataalamu wa Kirusi walikuwa wakitafuta dhahabu pamoja na serikali yetu, na Mchorongaji alikuwa kiongozi wa kikosi cha watu saba, mpishi wa kambi akiwemo. Shimo hilo lilikuwa refu kuliko yote waliyochoronga, mwamba wake mgumu, na walilimaliza kabla ya muda. Mkuu wa Warusi akaandika kwao kusifu, na baada ya miezi mingi nishani ikaja, moja, pamoja na kijitabu chekundu chenye jina la mtu mmoja.

"Tuko saba," Mchorongaji alimwambia mkalimani.

"Nishani ni ya mtu."

"Basi mmekosea hesabu."

Mimi nadhani aliyekosea ni yeye, lakini ni kosa ambalo lingefanywa na Msukuma tu. Vijana wa Usukumani wakimlimia mtu shamba kwa kikundi, ujira wao mara nyingi ni mnyama. Hakuna anayemswaga peke yake kwenda naye kwao. Anachinjwa, analiwa na wote walioshika jembe, na mpiga ngoma naye anakula, hata kama hakugusa udongo. Mchorongaji aliitazama nishani akaona ng'ombe. Tena ng'ombe asiyechinjika. Basi akaamua itazunguka, mwezi mmoja kwa kila mtu, zamu saba, na mpishi wa kambi ana zamu yake kama wengine kwa sababu hakuna aliyewahi kuchoronga na njaa.

Kijitabu nacho hakukiacha salama. Alikipeleka kwa mwalimu wa shule ya msingi, akamwambia aandike kwa kalamu ya wino, chini ya jina lake, majina ya wale sita. Mwalimu wa watu akaogopa, hati ya serikali ya kigeni ile. Mchorongaji akakaa pale ofisini, juu ya sanduku lake, maana siku hizo alikuwa bado analibeba, mpaka mwalimu akachoka akaandika.

Hiyo zamu ilimpa taabu Mei Mosi moja. Wakubwa walikuja, na Mrusi mmoja mhandisi kati yao, na Mchorongaji akaitwa jukwaani kama mfano wa mfanyakazi bora. Nilikuwa nimemshonea shati jeupe, bega nimelidanganya vizuri, mpaka watu wakamdhania kijana. Kifuani hamna kitu. Mkubwa akamnong'oneza, "Nishani iko wapi?"

"Iko Bukombe."

"Inafanya nini Bukombe?"

"Ni mwezi wake wa kukaa kwa mwenzangu. Ameitundika sebuleni, mkewe amejifungua."

Mhandisi akauliza kuna nini, mkalimani akamweleza, na yule Mrusi akacheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Kisha akakunja uso, akasema nishani haiazimwi, ni kama jina la mtu. Mchorongaji akamjibu kwa heshima, kofia mkononi, "Ng'ombe tungemla siku ile ile, ingekwisha. Hiki chuma hakiliki, mzee. Ndiyo maana kinatembea." Mkalimani hakuyatafsiri yote, nadhani.

Mpaka hapo mtaona ni kichekesho, nasi tulicheka. Lakini katika zile zamu saba, moja haikuwa na mtu.

Shimo lile lilimuua mwenzao mmoja, Baba Kulwa. Walikuwa wanapandisha mabomba kutoka chini, Mchorongaji kwenye breki, Baba Kulwa chini ya mnara akipokea. Waya ukateleza, bomba likashuka. Waliochunguza walisema waya ulikuwa umechakaa, wakaandika hivyo, wakafunga jalada. Kazi ikaendelea, shimo likamalizika, sifa zikaja. Mchorongaji angeweza kunyamaza hapo, na hakuna ambaye angejua zaidi.

Hakunyamaza. Siku aliyokwenda kuhani kwa mara ya pili, peke yake, alimwambia mjane, "Mama Kulwa, waya ulikuwa umechakaa, ni kweli. Lakini mpishi aliita chakula, nikageuza shingo. Kama nisingegeuza, ningeiwahi breki." Haya alinieleza mwenyewe, akitazama pedali ya cherehani yangu na si uso wangu. Nikamuuliza mama alisema nini. Akaniambia tu alichofanya. Aliingia ndani akafunga mlango.

Mama Kulwa alirudi kwao Nkome, ziwani, akawa anaanika dagaa na kuwauzia wachuuzi. Na kila baada ya miezi saba, zamu ya Baba Kulwa ilipofika, Mchorongaji alivaa shati lake la kushonwa, akafunga nishani kwenye leso, akapanda lori la dagaa kwenda Nkome. Alimkuta mama kwenye vichanja. Alisalimia, akafungua leso, akasema, "Zamu ya Baba Kulwa imefika." Na Mama Kulwa, bila kuacha kugeuza dagaa, alisema, "Rudi nayo."

Safari moja alimpelekea na kijitabu, akamwonyesha kwamba jina la mumewe ndilo la kwanza kati ya yale sita. Mama akakitazama, akamrudishia. "Wino haushiki breki," alisema.

Kila mara alirudi na nishani, na mwezi huo hakumpa mtu mwingine. Aliiweka ndani ya leso, kwenye kasha alilofungia sukari, bila kuitundika. Wenzake walilalamika. Kwa nini zamu ya marehemu isirukwe, nao wapate mapema? Mmoja wao, aliyekuwa sasa akichimba dhahabu kwa mikono yake Rwamgasa, alilalamika zaidi, maana nishani ilimpa heshima kwa matajiri wa pale. Tajiri mmoja hata aliing'ata aone ni fedha kweli. Mchorongaji hakubishana nao. Alisema tu kwamba mwezi una siku thelathini na yeye hana haraka.

Na mimi mdomo wangu haukukaa kimya. Jumamosi moja karudi kutoka Nkome, vumbi mpaka kwenye kope, nikamhurumia, na huruma yangu ikatoka vibaya. Nikamwambia, "Mzee, wewe unajitesa na unamtesa mama wa watu. Asiyekuwepo na lake halipo."

Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. Aliinuka, akachukua sanduku lake, akaliweka begani, lile bega la chini. "Asiyekuwepo na lake lipo," akasema. "Nani atamshikia kama si aliyemwondoa?" Akaenda zake.

Hakuja Jumamosi iliyofuata, wala mwezi uliofuata. Pale lilipokuwa sanduku palibaki alama kwenye saruji, na wateja kwa mazoea waliendelea kuipita kwa mbali. Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimesema methali kwa mtu aliyekuwa na jeraha, na methali si dawa ya kila jeraha.

Aliyemrudisha ni utepe. Miaka ya kutembea nyumba kwa nyumba, moshi wa jikoni, mikono ya watoto, lori la dagaa, yote yaliula utepe mpaka ukabaki nyuzi. Akaja, akaweka leso mezani, akasema kama vile tumeachana jana, "Mama Zuhura, hii imekuwa uchi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fanya."

Mwaka huo kitambaa chenyewe kilikuwa cha kuonwa ndotoni tu. Zambarau niliipata kwa mama mmoja Mkatoliki wa Ushirombo, aliyekuwa akishona mavazi ya padri ya Kwaresima na kubakiwa na vipande. Lakini mkanda mwembamba mwekundu ulikosekana mji mzima. Nilikuwa na mkanda wa njano, uliobaki kwenye gauni la bibi harusi. Nikajisemea, nani atajua? Nikashona kingo za njano, mshono mzuri kabisa, nikamkabidhi.

Aliigeuza mara moja tu. "Umenishusha cheo."

"Hakuna nyekundu, mzee. Haki ya Mungu."

"Mimi kushushwa ni sawa. Huenda ndicho kipimo changu." Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu tugombane. "Lakini kesho ni zamu ya Baba Kulwa. Yeye hakufanya kazi ya njano." Hata hivyo akaenda nayo Nkome hivyo hivyo, kwa sababu zamu kwake haikusubiri duka.

Sasa lililotokea Nkome alinieleza alipokuja tena, na sanduku lake mkononi, akaliweka juu ya ile alama yake. Alifungua leso kama kawaida, akasema maneno yake kama kawaida. Mama Kulwa akatupa jicho. Akaacha dagaa. "Mbona pembeni ni njano?" akauliza. "Siku zote ni nyekundu."

Miaka yote ile hakuigusa. Kumbe aliitazama.

Mchorongaji akamweleza kuhusu mkanda. Mama akaingia ndani, akafunga mlango, na yeye akafikiri ndiyo basi, kama siku ile. Lakini alitoka na khanga kuukuu, nyekundu kwenye pindo, akachukua kisu cha samaki, akakata ukanda mwembamba toka mwanzo hadi mwisho. "Hii alininunulia kwa mshahara wake wa kwanza wa hiyo mashine yenu," alisema. "Chukua kitambaa. Chuma rudi nacho."

Nilishona ule utepe kwa mkono, si kwa cherehani, nikiwa nimenawa kama anayekwenda kuswali. Nyekundu ya khanga ilikuwa imechuja, lakini ilikuwa nyekundu. Mchorongaji alikaa kwenye sanduku lake muda wote, na nilipomaliza aliifunga mwenyewe kwenye leso, akaenda nayo. Wiki iliyofuata aliniletea sukari, kilo nzima, kwenye mfuko wa karatasi. Nikajua mambo ni mazito.

Kisha akaanza kuumwa kifua. Wanawe wakamchukua kwao Shinyanga, sanduku likabaki kwangu, na mimi mwenyewe nikawa nawakataza watu wasilikalie. Karibu mwaka ukapita. Zuhura wangu alikuwa ameolewa Shinyanga, akajifungua hospitali ya Kolandoto, nikaenda kumtazama mjukuu. Nilipokuwa natoka wodi ya wazazi nikaambiwa kuna mzee wa Geita, wodi ya wanaume, anayewaambia wauguzi "harasho" kila wakimchoma sindano. Sikuhitaji kuuliza jina.

Alikuwa amekwisha, mabega yote mawili sasa yamelingana kwa kukonda. Nilimwamkia, akaitikia kwa macho. Kando ya kitanda, juu ya mkeka, alikaa mama mmoja wa makamo, amejifunga vizuri, na pembeni yake kapu lililonuka dagaa. Sikuwa nimemwona maishani mwangu. Lakini khanga aliyojitanda ilikosa pindo upande mmoja.

"Ni fundi," Mchorongaji alimwambia, kwa sauti ya kunong'ona.

"Mshono wako mzuri," mama akaniambia. Nikavua viatu, nikakaa naye mkekani.

Akaniambia kwamba zamu iliyopita mtoto wa Mchorongaji alileta leso Nkome, kwa kuwa mzee mwenyewe hakuweza tena, na yeye akaipokea. Iliwekwa mwezi mzima ukutani, juu ya kitanda. Pacha wake, Kulwa na Doto, ambao sasa ni watu wazima, waliisoma kwa vidole. Mwezi ulipokwisha hakumtuma mtu. Alipanda lori, akapanda basi, akauliza njia mpaka Kolandoto.

Akatoa leso kwenye kapu. Akaifungua taratibu, kama alivyokuwa akifunguliwa yeye miaka yote ile.

"Zamu ya Baba Kulwa imekwisha," alisema. "Hii sasa ni yako. Pokea."

Mkono mmoja wa Mchorongaji ulikuwa umefungwa dripu. Kwa desturi zetu, kitu kama hicho hupokewa kwa mikono miwili, naye akanyoosha ule mzima, akahangaika kuinua na ule wa dripu, akawa anaomba radhi kwa macho. Mama Kulwa akauchukua mkono huo wa dripu kwa mkono wake mwenyewe, akauweka chini ya mwingine, akaushikilia hapo, ili apokee kwa yote miwili.